UZI: Mfumo wa taarifa za usimamizi huanzia kwenye uamuzi, kompyuta inakuja baadaye

KaraniWaGati

Assalam aleykum ndugu zangu.

Kila muhula wanafunzi wa diploma hupita ofisini kwetu hapa Amu (mji wa Lamu) wakitafuta nafasi ya mafunzo ya kazini, na wengi huja na swali lilelile: mfumo wa taarifa za usimamizi ni nini, na sifa zake ni zipi katika shirika? Noti wanazo. Noti zenyewe huanza na mashine, zikaja programu, watu na taratibu, kisha sifa kumi au kumi na mbili za kukariri. Lakini ukimuuliza mwanafunzi mfumo huo unamsaidia nani kuamua nini, hana jibu. Ndiyo sababu nafungua uzi huu. Kazi yangu ni kumbukumbu na hesabu katika ushirika wa wavuvi, kwa hivyo mifano yangu mingi itatoka gatini.

Nieleze msimamo wangu mapema. Mfumo wa taarifa za usimamizi ni utaratibu wa kudumu wa kukusanya data, kuzichakata, kuzihifadhi na kumfikishia matokeo mwenye kuamua, yakiwa katika umbo analolielewa, kabla saa ya kuamua haijapita. Sifa zote zinazofundishwa darasani zinachipuka hapo. Ukiuondoa uamuzi, umebaki na ghala la namba.

Tazama mashua inapofunga asubuhi. Samaki wanapandishwa mizani, karani anaandika: tarehe, chombo, nahodha, zana iliyotumika (jarife, mshipi au malema), aina ya samaki, kilo, bei, mnunuzi, amelipa au amekopa. Hizo ni data. Mistari mia mbili ya namna hiyo haimwambii mwenyekiti chochote mpaka awe na swali.

Sasa tumpe swali: kati ya wanunuzi wawili wa Mombasa, tumuuzie nani samaki wetu aina ya changu? Tuseme wa kwanza anatoa shilingi 380 kwa kilo, wa pili 350. Mtu wa haraka ataenda kwa wa kwanza. Lakini tuseme huyo wa kwanza hupima upya mzigo ukifika kwake, na kila kilo 100 tulizopakia yeye hulipia 92. Tena hulipa baada ya wiki tatu. Wa pili hupima hapahapa gatini na hutuma pesa kwa simu siku hiyohiyo. Piga hesabu: 92 mara 380 ni 34,960. Na 100 mara 350 ni 35,000. Yule wa bei kubwa ameshapitwa, na hapo bado hatujahesabu wiki tatu ambazo mwanachama ananunua mafuta na barafu kwa mkopo.

Hiyo ndiyo taarifa. Na angalia ilivyopatikana. Kilo za gatini zimo katika daftari la mizani. Kilo zilizolipiwa zimo katika stakabadhi ya mnunuzi. Tarehe ya malipo imo katika ujumbe wa simu. Mambo matatu yamekaa sehemu tatu, na kila sehemu ina mtu wake. Noti zinaposema mfumo uwe na muunganiko, maana yake ni hii: namba moja ya mzigo iandikwe pote patatu, ili siku ya siku mistari hiyo ikae ubavu kwa ubavu. Ushirika unaweza kuwa na kompyuta tatu mpya na usiwe na muunganiko. Unaweza pia kuwa na madaftari matatu yenye namba moja ya mzigo ukawa nao.

Jambo la pili ni ngazi. Robert Anthony, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, aliigawa kazi ya usimamizi mwaka 1965 katika sehemu tatu: kupanga mwelekeo wa shirika, kudhibiti matumizi ya rasilimali, na kuendesha kazi za kila siku. Mgawanyo huo mpaka leo ndio uti wa mgongo wa somo hili, na hapa kwetu unaonekana wazi. Karani wa gati anataka kujua sasa hivi: barafu imebaki kiasi gani, na mzigo wa nani haujapimwa. Ripoti ya jana haimfai. Katibu anataka picha ya wiki: nani anadaiwa, mnunuzi gani amechelewa, gharama ya usafiri imepanda wapi. Kamati haina haja na mzigo mmojammoja. Inataka kujua kama tununue jokofu la pili kabla ya msimu wa upepo wa kaskazi kuingia, au tuzungumze na wanunuzi tufunge bei mapema. Data ni zilezile za mizani, ila kadiri unavyopanda ngazi ndivyo zinavyofupishwa, na ndivyo muda unaotazamwa unavyorefuka. Ukimpa mwenyekiti orodha ya mizigo yote umemnyima taarifa kwa kumjazia karatasi.

Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vitabu havipagusi. Programu nyingi za biashara zikifunguliwa tu hulinganisha mwezi huu na mwezi uliopita. Kwa duka la nguo pengine inatosha. Kwa mvuvi wa Lamu ni upotofu. Kusi ikivuma bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mwamba, vuo linapungua na bei inapanda. Kaskazi ikishika bahari inatulia, vyombo vinakwenda mbali, samaki wanajaa, bei inaanguka na barafu inakuwa adimu. Ukilinganisha Desemba na Septemba utadhani shirika limefufuka kwa uongozi bora. Mwezi wa Mei utadhani limekufa. Halikufufuka wala halikufa, upepo umegeuka. Kaskazi hulinganishwa na kaskazi ya mwaka jana, na kusi na kusi yake.

Hata ndani ya mwezi kuna mwendo wake. Siku za bamvua (maji makubwa yanayofuata mwezi) maji yanakupwa mbali na watu wanashuka mwambani kutafuta pweza. Siku za maji mafu (maji madogo) shughuli hiyo inalala. Kalenda ya ukutani haioni jambo hilo. Kwa hivyo tuliongeza safu moja katika daftari: tarehe ya mwezi mwandamo. Safu hiyo ndiyo iliyotuwezesha kukadiria tununue barafu kiasi gani wiki ijayo, na makadirio ya mbele ni sifa nyingine ambayo watu huisahau. Mfumo unaosimulia yaliyopita tu ni kumbukumbu nzuri, lakini kazi ya msimamizi iko mbele.

Karibuni. Nitaendelea nikiona maswali.

DiplomaMalindi

Wa aleykum salaam kaka. Shukran, mfano wa 380 na 350 nimeuelewa kuliko mhadhara wa wiki nzima. Mimi nasoma hapa Malindi na mtihani uko karibu. Naomba unifafanulie mawili. Kwanza, tofauti ya mfumo wa kurekodi miamala na huu wa usimamizi ni ipi? Pili, tumeambiwa somo hili lilizaliwa na kompyuta za Marekani. Ni kweli?

KaraniWaGati

Ndugu yangu, mfumo wa miamala hushughulika na tukio moja moja: kilo 62 zimepimwa, shilingi 21,700 zimepokelewa, stakabadhi imetolewa. Hauna maoni. Mfumo wa taarifa za usimamizi unakaa juu yake na kula kutoka kwake: unajumlisha, unalinganisha, unaonyesha palipopinda. Ndiyo maana mizani ikidanganya, ripoti ya mwenyekiti nayo inadanganya, hata ikichapwa kwa rangi.

Iko aina ya tatu utakayoulizwa, ya kusaidia maamuzi yasiyo na kanuni. Watafiti Gorry na Scott Morton wa taasisi ya MIT, Marekani, walilieleza vizuri mwaka 1971. Walichukua ngazi zile tatu za Anthony, wakauliza katika kila ngazi: uamuzi huu una kanuni iliyo wazi, una nusu ya kanuni, au hauna kabisa? Kuagiza barafu kuna kanuni, mashine inaweza kukufanyia. Kumkopesha mwanachama pesa za nyavu kuna nusu ya kanuni: rekodi yake inasaidia, lakini unamjua pia yeye na hali ya nyumbani kwake. Kuamua kama tuingie soko jipya hakuna kanuni. Hapo mfumo hukupa njia ya kujaribu hesabu za "ikiwa hivi, itakuwaje", na uamuzi unabaki kwako.

Kuhusu historia, Marekani ina sehemu yake kubwa. Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha mafunzo rasmi ya fani hii mwishoni mwa miaka ya 1960, na Gordon Davis ndiye anayetajwa sana. Lakini kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara ilikuwa Uingereza, mwaka 1951, tena kwa wauza chai. Kampuni ya J. Lyons ilikuwa na viwanda vya mikate na keki na mikahawa mingi ya chai. Ilijenga mashine yake yenyewe, ikaiita LEO, na kazi yake ya mwanzo ya kila mara ilikuwa kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate.

Kinachonivutia zaidi ni kazi waliyoipa miaka michache baadaye. Kila mkahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida ya siku. Msimamizi wa mkahawa hakuandika oda upya. Alipigiwa simu akataja mabadiliko tu: keki zipunguzwe, mikate iongezwe. Mashine ikatoa orodha za upakiaji, na wakubwa wakaona bidhaa gani inashuka na mkahawa gani umebadilika. Ile kanuni ya kushughulika na kilichotoka nje ya kawaida, yaliyo sawa yakiachwa yapite, ilikuwa kazini tayari.

Sisi tunaitumia kwenye upungufu wa mizani. Samaki akikaa kwenye barafu hupoteza uzito kidogo, hilo ni la kawaida. Kwa hivyo mzigo uliopungua chini ya kilo 5 kwa kila 100 hautajwi kokote. Ukipita hapo, jina la mnunuzi, tarehe na namba ya mzigo vinatokea kwenye karatasi ya katibu. Wiki nyingine karatasi hiyo ina mstari mmoja. Wiki nyingine ni tupu, na utupu wenyewe ni habari.

MzeeWaLangoni

Mwanangu, nimesoma yote. Umeeleza vizuri, lakini niruhusu nikupinge kidogo.

Mimi nimekaa ofisini miaka mingi kabla ya kustaafu. Zamani bosi alikuwa na karatasi moja mezani kila Jumatatu na alijua kinachoendelea. Kisha ukaletwa mfumo wa kompyuta, kwa pesa nyingi. Ripoti zikawa za kurasa na kurasa. Kila idara ikapata ripoti za idara nyingine. Unajua kilichotokea? Watu waliacha kusoma. Uamuzi ukawa unafanywa kama zamani, kwa mazungumzo ya korido, na ripoti zikawa za kuwaonyesha wakaguzi. Tajiri wa samaki wa zama zetu alikuwa na daftari moja la ngozi, na hakuna aliyemzidi kwa kuijua biashara yake. Sasa niambie, hii mifumo inaongeza nini?

KaraniWaGati

Shikamoo mzee wangu. Sikupingi, na hauko peke yako katika hilo. Mwaka 1967 Russell Ackoff, mtaalamu wa Marekani wa utafiti wa uendeshaji, aliwaandikia wenzake hoja kama yako wakati wengi wao walikuwa bado wanazisherehekea mashine. Alisema wabunifu wa mifumo wanadhani tatizo la meneja ni uhaba wa taarifa muhimu, kumbe linalomlemea zaidi ni wingi wa taarifa zisizo na maana. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya mfumo ni kuchuja na kufupisha. Kutoa zaidi kunafuata baadaye, ikiwa kuna haja.

Akaenda mbele. Alisema ukimuuliza meneja anataka taarifa gani, atakutajia zote, kwa kuwa asiyejua vizuri jinsi anavyoamua huogopa kukosa kitu. Akasema pia kwamba mawasiliano zaidi kati ya idara hayaleti utendaji bora kila mara: idara mbili zenye malengo yanayopingana, zikijuana zaidi, zinaweza kuumizana zaidi.

Hoja yake ya mwisho ndiyo ninayoishika sana: meneja asiruhusiwe kutumia mfumo asioelewa unavyofanya kazi. Alitoa kisa cha kampuni iliyokuwa na mfumo wa kompyuta wa kuagiza vipuri. Wakubwa walijivunia. Alipochunguza akakuta mashine inaagiza kila mara akiba inaposhuka chini ya kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, wakati ilipaswa kusubiri ishuke mpaka kiwango cha kuagizia. Mfumo ule ulikuwa ukiigharimu kampuni zaidi kuliko kazi ya mikono iliyokuwapo kabla yake, na hakuna aliyejua, kwa sababu aliyeidhinisha hakuwahi kuuliza kanuni ni ipi.

Na lile daftari la tajiri, mzee wangu, kwangu mimi ni mfumo kamili. Lina data, lina mchakato (kichwani mwake), lina mwenye kuamua, na taarifa inamfikia kwa wakati kwa kuwa ni yeye yuleyule. Lilipungukiwa mahali pamoja tu: alipofariki, wanawe walirithi daftari wasirithi kichwa. Shirika ni watu wengi na viongozi wanabadilika kila uchaguzi. Mfumo unahitajika ili maarifa ya kuamua yabaki ofisini hata mwenyekiti akiondoka.

MzeeWaLangoni

Hapo kwenye kichwa kutorithiwa umenishinda. Endelea mwanangu, Mungu akubariki.

KumbukumbuAfya

Naomba niingie kwa upande wa afya, maana mimi ni afisa wa kumbukumbu kwenye kituo kimoja cha pwani, na naona watu wanadhani mfumo ni wa biashara tu.

Kenya tunatumia DHIS2, programu iliyotokana na kazi za Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na tuliisambaza nchi nzima mwaka 2011. Muuguzi wa zahanati anajaza rejista, anapiga vijiti kwenye karatasi ya kuhesabia, mwisho wa mwezi anajumlisha kwenye fomu ya muhtasari, namba zinaingizwa kwenye mfumo. Kutoka hapo kaunti na wizara wanaona.

Mfano wangu wa data na taarifa ni huu. Chanjo ya pentavalenti hutolewa mara tatu: mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Tuseme kituo kimewachanja watoto 50 dozi ya kwanza na 40 dozi ya tatu. Kila namba peke yake inaonekana nzuri. Ziweke pamoja: watoto 10 kati ya 50 wamepotea njiani, yaani asilimia 20. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba ukipita asilimia 10 kuna tatizo la kufuatilia. Sasa muuguzi ana la kufanya: atoe majina kwenye rejista, awape wahamasishaji wa afya wa jamii wawafuate nyumbani.

Lakini, na hili linaniuma, katika vituo vingi muuguzi anatuma namba juu na hakirudi kitu chini. Anajaza fomu kama kodi. Asipoona faida atakadiria tu ili aifikie tarehe. Nimeona ripoti za miezi tofauti zinazofanana namba kwa namba. Ubora wa data huharibika mahali ambapo anayeandika hafaidiki na anachoandika. Karani, kati ya sifa za mfumo unazozitaja naomba mrejesho uwe juu kabisa.

KaraniWaGati

Dada au kaka, sijui ni nani, lakini umegusa penyewe. Darasani mrejesho huchorwa kama mshale unaorudi nyuma kutoka kwenye matokeo kwenda kwenye ingizo, na mwanafunzi anaupita. Kazini mshale huo una sura ya mtu. Kwetu manahodha walikuwa wakitaja kilo kwa makisio na kukataa kutaja eneo walikovua, kwa haki yao, kwa sababu eneo zuri ni siri ya chombo. Tulipoacha kuuliza eneo, na tukaanza kumpa kila nahodha kikaratasi cha mwezi chenye vuo lake, gharama yake ya barafu na mafuta na alichobakiwa nacho, usahihi ulibadilika. Sasa wao ndio wanaokuja kumrekebisha karani: "ile Jumanne uliandika tewa, walikuwa pono."

Hilo la eneo linafundisha jambo jingine pia: usikusanye kitu ambacho hakuna uamuzi unaokingoja. Kila safu ya ziada ni dakika za mtu aliyesimama juani, samaki wanaharibika.

DiplomaMalindi

Swali dogo kwa wote. IFMIS ya serikali (mfumo wa kusimamia fedha za umma) nayo tuihesabu hapa, au ile ni ya uhasibu tu?

KaraniWaGati

Ihesabu. Iliingia serikalini mwaka 2003, ikapangwa upya kuanzia 2011, na kaunti zilipoanza kazi 2013 zikaikuta. Inabeba bajeti, ununuzi, malipo na hesabu katika mfumo mmoja, kwa hivyo chini ni mfumo wa miamala na juu unatoa ripoti za usimamizi. Kwa mtihani, itaje kama mfano wa udhibiti: fungu lisilo na pesa halitakiwi kupitisha malipo, na kila hatua inaacha jina la aliyeiidhinisha. Alama ya nani alifanya nini na lini ni sehemu ya mfumo, isiachwe ikadhaniwa ni nyongeza ya wakaguzi.

BintiFaza

Ami karani, mimi ni mama karanga, nanunua samaki gatini, nakaanga na kuuza, na nina wenzangu tuko kikundi cha kina mama. Nimefuatilia uzi wote. Mawili yananisumbua. Kijana mmoja amekuja kutuuzia programu ya simu kwa malipo ya kila mwezi, anasema itatupa ripoti zote. Tulipe? Na pili, sisi tunakopeshana. Nani ataona deni langu? Huku kila mtu anajuana na mwenzake, jina likitoka limetoka.

KaraniWaGati

Dada yangu, maswali yako ni ya msingi kuliko mengi ya darasani.

Gharama kwanza. Faida ya taarifa hupimwa kwa uamuzi inaoubadilisha. Muulize yule kijana: ripoti hizi zitanifanya nifanye nini tofauti, na hilo litaniokoa shilingi ngapi kwa mwezi? Kama kikundi kinapoteza pesa kwa samaki wanaobaki jioni, basi mnachohitaji ni kujua siku zipi na aina gani hubaki. Kwa hilo daftari la safu tano linatosha kuanzia: tarehe, aina, mliyonunua, mliyouza, yaliyobaki. Lijazeni msimu mmoja. Mkiona kujumlisha kunawala muda, na mnajua hesabu gani mnaitaka, ndipo mlipie programu, na mtajua pia kama inafanya sawa au la. Mkianza na programu, itawaamulia yenyewe cha kuuliza.

Siri sasa. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu hata nyinyi: jina, namba ya simu na habari za mtu hukusanywa kwa sababu iliyotajwa, na hazitumiwi kwa jingine. Kikazi, kila mtu aone kinachomhusu tu. Kwetu karani wa gati haoni madeni. Katibu anayaona kwa majina. Kamati inaona jumla na idadi ya waliochelewa, majina yanafunguliwa kikao kikikubali. Na muulize kijana wa programu data zenu zitakaa wapi, nani mwingine anaweza kuzisoma, na mkiacha kulipa mtazipataje. Akibabaika kwenye swali la mwisho, subirini.

Na simu ikianguka baharini? Nakala iwe mahali pengine, iliyofanywa na mtu mwingine. Sisi kila Alhamisi jioni daftari la wiki hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa nje ya ofisi.

BintiFaza

Nimekuelewa ami. Safu tano tutaanza nazo. Lakini nitaongeza ya sita, mafuta ya kukaangia, maana hayo ndiyo yanayotumaliza.

KaraniWaGati

Umeongeza palipohitajika, na wewe ndiye unayepajua. Mbunifu wa mfumo asiyekaa na mwenye kazi hawezi kuijua safu hiyo.

KumbukumbuAfya

Nina jaribio ambalo niliwahi kufundishwa na naomba mlifanye: chukua ripoti moja unayotuma kila mwezi, usiitume. Ngoja uone nani atauliza. Karani, mmewahi?

KaraniWaGati

Tumewahi, kwa ruhusa ya mwenyekiti. Ripoti ya madeni yaliyochelewa iliulizwa asubuhi ileile. Ya upungufu wa mizani iliulizwa na katibu kabla wiki haijaisha, kwa kuwa alikuwa anasafiri kwenda kuonana na mnunuzi. Ripoti ya vuo kwa kila aina ya zana, ambayo ilikuwa inanila muda kuliko zote, haikuulizwa na mjumbe yeyote wa kamati. Aliyekuja kuiulizia ni afisa wa uvuvi, maana yeye ndiye anayefuatilia nyavu za macho madogo. Basi kwenye jalada la kamati tukaiondoa. Safu ya zana imebaki kwenye daftari la mizani, na afisa hupewa muhtasari wake kila robo mwaka, kwa mpangilio alioutaka yeye.